Walipokata Maneno ya Shangazi

Wale mlionitumia salamu za pole baada ya kusoma ya wiki iliyopita, nimezipokea zote. Na wewe uliyeandika kwamba "huyo Joha ameyataka mwenyewe", nawe nimekupokea, ila Mungu anakuona.

Kwa ambaye ndiyo kwanza analifungua gazeti, nimwambie kwa kifupi asije akapotea. Mimi ni mkalimani. Nimepanga chumba Mabwerebwere, pale Kilosa, lakini nimelelewa Ng'ambo, kitongoji kinachopakana na hifadhi ya Mikumi. Aliyenilea ni shangazi yangu Bibiana, dada wa marehemu baba. Yeye ni Mkatoliki, mimi nimefuata dini ya mama, na tumeishi chini ya bati moja bila kugombana hata siku moja. Tumekuja kugombana kwa sababu ya mzungu.

Mzungu mwenyewe anaitwa Annelies, sisi tunamwita Anelisi. Ni Mholanzi, amepanga nyumba Mikumi mjini miaka mingi, na kazi yake ni kuandika blogu na kurusha video za safari zake hapa nchini. Huko kwao wanamfuata watu wengi ajabu. Alipenda kujisifu: "Joha, mimi sinunuliki. Naandika ninachokiona." Hayo alikuwa anayasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa ni asante, poa, na pilipili hapana.

Basi mradi mmoja wa serikali wa kutangaza utalii, unaitwa Karibu Mbugani, ukamwalika azunguke nao. Gari lao, malazi yao, getini anapita bure. Wakamwambia yuko huru kuandika atakavyo. Mimi nikaenda kama mkalimani wake, na kwa kiherehere changu nikampeleka kwa shangazi ili dunia isikie tembo wanavyotufanya. Mwaka huu wamemaliza mahindi yote, na wamelisukuma dungu ambalo binamu yangu Elikana alikuwa amekaa juu yake analinda shamba. Mpaka leo anatembelea magongo.

Kamera ikawashwa. Nikamuuliza shangazi, "Shangazi, habari za tembo?"

Akajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote aliyefunzwa adabu kwao. "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Akavuta pumzi. "Ila mwaka huu wametumaliza." Kisha akaeleza yote, akalia, akamwita Elikana aonyeshe mguu.

Mnajua wenyewe. Kwetu hata kama maiti iko ndani, ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, ndipo unasema tumefiwa. Nzuri ni hodi tu. Habari yenyewe inakuja baada ya ila.

Video ilipotoka, shangazi anaonekana kwenye kigoda, anaulizwa habari za tembo, anasema, "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Hapohapo inaingia ngoma, wanatokea tembo wanaoga. Basi. Hakuna ila, hakuna mguu, hakuna chozi.

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje kwa shangazi, naye kanifungia mlango. Tuanzie hapo.

*

"Shikamoo shangazi."

Kimya. Ndani nasikia mwiko unagonga sufuria, kwa hiyo yupo.

"Shikamoo shangazi!"

Mwiko ukaacha kugonga, marahaba haikuja. Jamani, kunyimwa marahaba si mchezo. Mtu anaweza kukutukana mchana na jioni mkala pamoja. Lakini mkubwa wako akikuachia shikamoo yako mdomoni, ujue amekutoa kwenye hesabu ya watoto wake.

"Shangazi, si mimi niliyekata. Wallahi si mimi."

Mlango ukafunguka. Akatoka na sahani ya pumba, akanipita kama hakuna mtu, akaenda kwa kuku. Akaanza kuongea nao.

"Kuku wangu, mmeyaona? Mtoto unamlea, unauza ufuta asome Kiingereza, halafu anakuja kukuuza kwa Kiingereza hichohicho."

"Shangazi..."

"Kuku wangu, kwenye jumuiya wanawake wananiuliza, Bibiana, nzuri ipi? Mguu wa mwanao ndiyo nzuri? Mahindi yaliyoisha ndiyo nzuri? Niwajibu nini, enyi kuku?"

Mimi machozi yakanitoka, nikawa nayafuta kwa mtandio. Kuku wala hawakujali, wanakula pumba zao.

Akatokea mzee Herman, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akanivuta pembeni. Mzee Herman hapendi maneno mengi.

"Joha, Jumamosi wanakuja wageni kutoka wilayani. Wanachagua pa kuweka kituo cha askari wa wanyamapori. Ni sisi au kitongoji cha jirani."

"Si watuwekee sisi? Sisi ndio tuliovunjiwa dungu."

"Video wameiona. Mmoja kanipigia simu anacheka. Ananiambia mzee Herman, mbona kwenu hakuna shida, mama wa kwenu mwenyewe kasema nzuri."

Nikageuka, nikatazama shamba la shangazi, mabua matupu.

"Kituo kikienda kwingine," akasema, "msimu ujao ataanguka Elikana mwingine. Sasa nisikilize. Ilete hiyo video nzima, au mlete mwenye video aje aseme hapa mbele ya watu. Usipoweza, mimi sina la kukusaidia. Watu wameshasema ni wewe. Wanasema anayejua pa kukata ni mkalimani."

"Na wewe mzee unasemaje?"

Akatazama chini. "Mimi ni mwenyekiti," akasema. "Nasubiri Jumamosi."

*

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Optatus.

Optatus ndiye afisa wa Karibu Mbugani aliyezunguka nasi safari nzima. Mpole kupita kiasi. Anakufungulia mlango wa gari, anakuuliza umelalaje, anakubebea mkoba. Mimi mtu mpole kupita kiasi simwamini, mniwie radhi wapole.

Nikampata Kilosa mjini, mgahawani karibu na stesheni, anakula wali na mchuzi wa kuku. Alikuwa amekuja kuandaa huo mkutano wa Jumamosi. Eti mradi wao nao umealikwa.

"Dada Joha! Karibu chakula. Utakunywa nini?"

"Sinywi. Nani kakata video?"

Akacheka. "Unauliza kama askari."

"Nakuuliza kama mtu aliyefukuzwa kwao. Nani kakata?"

Akanawa mikono taratibu, akajifuta. "Dada yangu, sisi mgeni hatumhariri. Tukimhariri inakuwa tangazo letu, na tangazo la serikali huko Ulaya nani analisoma? Yeye wanamsoma kwa sababu hasemi ya serikali. Uhuru wake ndio unaotufaa. Kwa nini tuuharibu?"

"Kwa hiyo hamkugusa?"

"Hatukugusa. Alituletea ikiwa hivyohivyo. Tukaipenda, tukaisambaza."

"Lakini ulikuwepo, Optatus! Ulimwona shangazi analia. Wewe ndiye uliyempa leso!"

"Nilikuwepo. Nikajua mwenyewe kaacha kwa sababu zake. Mwandishi huru huwezi kumuuliza kwa nini umeacha hili. Ukimuuliza, si utakuwa unamwingilia?"

Oneni mtu huyo. Amekunja uovu mpaka unaonekana kama adabu.

Nikainuka. Akaniita.

"Nikuambie kitu, na usinichukie. Mtu asiyejua Kiswahili angejuaje pa kukata? Angekatiza katikati ya neno. Aliyekata kaiacha nzuri, kamwacha na Mungu, kasimama kabla ya ila. Huyo anajua Kiswahili, tena vizuri. Sasa tulikuwa nani mle garini tunaojua Kiswahili? Mimi, dereva na wewe. Mimi na dereva hatujawahi kuishika kamera."

"Unasema ni mimi?"

"Mimi sijasema kitu." Akatabasamu. "Halafu kuna wageni wengine wanakuja, wenye blogu kubwakubwa. Tutahitaji mkalimani mwelewa. Mwelewa, umenisikia?"

Nilimsikia sana. Nikatoka bila kuaga.

Lakini nyie, maneno ya mnafiki yana kawaida ya kubeba ukweli kidogo ndani, ndiyo maana yanauzika. Usiku wote ule neno moja lilinikaa kichwani. Huyo anajua Kiswahili.

Nikaanza kukumbuka.

Nikakumbuka siku Loveth, dada anayemfanyia Anelisi kazi za nyumbani, alipotusimulia jikoni kisa cha mchungaji aliyekimbizwa na beberu la mahari. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Anelisi alitoka nje ghafla, macho yamejaa machozi, akasema kwa Kiingereza moshi umemzidi.

Moshi gani? Jikoni kwa Anelisi wanapikia gesi.

*

Asubuhi nikawa Mikumi. Nikamkuta barazani anakunywa kahawa, kompyuta mapajani. Loveth anafagia. Malori ya Iringa yananguruma kule barabarani.

"Joha! Rafiki yangu!" Kwa Kiingereza, kama kawaida. Akanikumbatia. Nikakumbatiwa.

Nikamweleza yote, shangazi, mkutano, kituo cha askari. Alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akasema ni mtu wa mradi aliyeharibu. Akasema alimpelekea Optatus akague majina ya wanyama tu, ikarudi fupi, yeye asingeweza kujua kwa kuwa lugha haijui.

"Optatus anasema hakugusa."

"Na wewe unamwamini mtu wa serikali?" akaniuliza.

Mimi wakati huo sikuwa namwamini hata aliyenizaa.

Nikanywa kahawa yake. Nikaweka kikombe chini polepole. Nikamgeukia Loveth, na kwa sauti ileile ya kuombea sukari, nikasema kwa Kiswahili, "Loveth mdogo wangu, usishtuke wala usipige kelele. Kuna nyoka kajiviringisha chini ya kiti cha mama."

Loveth hajageuza hata shingo, Anelisi yuko juu ya meza!

Kompyuta chini, kahawa kwenye sketi, mtu mzima amesimama mezani ameshika nguo zake. "Wapi? Yuko wapi?" anauliza. Kwa Kiswahili.

Akatazama chini ya kiti. Hakuna nyoka. Akanitazama mimi.

"Nani kakwambia kuna nyoka, Anelisi?" nikamuuliza.

Loveth aliacha ufagio ukaanguka. "Mama yangu weee! Anajua! Mimi nimeshasema mangapi humu ndani!" Akakimbilia jikoni, akajifungia.

Anelisi akashuka mezani. Akaanza kuongea. Kiswahili safi kabisa, kama mwalimu wa shule.

"Kaa chini, Joha. Nilijifunza Mamboya. Nilifundisha kule kwenye shule ya misheni kabla hatujafahamiana."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Kichwa kikaanza kunirudisha nyuma. Mangapi tumesema mbele ya mtu huyu! Shangazi alimwita shingo ya korongo akiwa anamkaribisha viazi, na mimi nikatafsiri kwamba anakusifu umbo. Aibu ikanishika, na hasira ikaipita aibu.

"Kwa nini ulituficha?"

"Si ninyi niliowaficha. Wao, watu wa serikali. Watu wakijua unasikia, wanakuchagulia maneno. Wasipojua, wanaongea mbele yako kama mbele ya kabati. Hiyo ndiyo iliyonifanya niwe huru. Nilikuwa nasikia yote."

"Safari hii ukasikia nini?"

Akaokota kompyuta, akaifuta kwa kiganja.

"Tulipotoka kwa shangazi yako, Optatus alikuwa mbele anaongea na simu. Alisema, huyu mama kibali chake cha kuishi kinaisha karibuni. Akasema, tumtazame kwanza atatoa kitu gani."

"Halafu akakwambia ukate."

"Hapana."

"Akamtuma mtu akwambie."

"Hapana, Joha." Macho yake yakawa mekundu. "Hakuna aliyeniambia chochote. Hakuna aliyeomba. Nilifika hapa, nikafungua mashine, nikakata mwenyewe. Mimi hapa ndipo nyumbani. Nikirudi kwetu sina hata mlango wa kugonga."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Ningemjua aliyemshika mkono ningejua pa kumpeleka. Sasa hakushikwa na mtu. Kajishika mwenyewe, akaenda kujifunga.

Halafu jambo jingine likanijia, likaniogopesha zaidi. Ile simu ya Optatus. Mtu mwerevu kiasi kile, mtu aliyeniambia mwenyewe kwamba aliyekata anajua Kiswahili. Je, siku ile alikuwa anaongea na simu, au alikuwa anaongea na Anelisi? Labda upande wa pili hakukuwa na mtu kabisa.

Sikumwambia hilo. Nikamwambia, "Nipe video nzima."

"Nimeifuta. Nilihitaji nafasi."

"Nafasi!"

"Niliogopa, basi! Niliogopa, nikafuta."

"Basi sema hapahapa, nikurekodi kwenye simu yangu."

Akakataa. Akanishika mikono yote miwili. "Nitakuja Jumamosi mwenyewe. Nitasimama mbele ya shangazi yako na nitasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie kwa masikio yake. Nikifukuzwa nifukuzwe. Utanisubiri?"

"Utakuja kweli?"

"Naapa, Joha. Nitapanda bodaboda nije."

Nikamwamini. Msinicheke. Mtu akilia mbele yako kwa lugha yako, kumkatalia ni kazi.

*

Jumamosi mkutano uliwekwa kwenye ghala la mahindi. Lilikuwa tupu, hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Wageni wa wilayani walikaa meza ya mbele, maji ya chupa, kitambaa cha meza cha mama mchungaji. Watu walijaa mpaka nje. Elikana aliletewa kiti, akaegemeza magongo ukutani.

Shangazi alikuja na jumuiya yake nzima. Nikamfuata mlangoni, nikapiga goti.

"Shikamoo shangazi."

Alinitazama muda mrefu.

"Huyo mzungu wako atasema?"

"Atasema shangazi. Kwa mdomo wake, tena kwa Kiswahili."

"Kiswahili kakitoa wapi?"

"Anakijua. Kumbe siku zote anakijua chote. Ameniambia mwenyewe."

Shangazi akafikiri. Nikaona anakunja uso. "Hata lile la korongo?"

"Hata hilo."

"Yesu na Maria!" Akajishika mdomo. Wenzake wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe nusura acheke. Kisha uso ukarudi.

"Marahaba," akasema. "Sasa nisikilize. Akisema ukweli, jioni uje ule kwangu, na nitakuomba msamaha mbele ya hao kuku. Asiposema, Joha, uwanja wangu usiukanyage tena. Hata kwenye msiba wangu usije."

"Sawa shangazi."

Nikakaa. Nikawa natazama barabara, nasubiri bodaboda.

Likaja gari la Karibu Mbugani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, na aliyeufungua ni Optatus, mpole yuleyule. Akashuka Anelisi, gauni refu, kitambaa kichwani kama mtu anayeenda kanisani. Nyuma akashuka Loveth, kabeba mkoba wake.

Nikainuka nimsalimie. Anelisi akapita. Macho yake yalinipita juu ya kichwa, akaenda kuketi meza ya mbele. Loveth nikamvuta mkono.

"Loveth, imekuwaje?"

"Dada Joha niache," akanong'ona. "Jana walikuja nyumbani wakaongea sebuleni. Nilitumwa dukani. Sijui kitu mimi."

"Lakini siku ya nyoka ulikuwepo. Kiswahili chake ulikisikia. Si ulisikia?"

"Mimi nina watoto, dada," akasema, akajichomoa.

Mzee Herman akafungua mkutano kwa sala. Mgeni mkubwa wa wilayani akasema machache. Akasema wao ni watu wa ushahidi, na ushahidi wameuona, mama wa hapahapa anasema kwa tembo ni nzuri. Watu wakaguna ghala zima. Mzee Herman akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mwenye video yupo. Tunaomba aseme yeye, ilikuwa nzima au ilikatwa."

"Haya, mama karibu," mgeni akasema.

Anelisi akasimama. Akapokea maiki. Nikafunga macho, nikasoma dua kimoyomoyo.

"Jambo! Habali senu?" akasema. "Mimi... eh... poa sana!"

Ghala likalipuka kwa kicheko na makofi. Watoto dirishani wakamwigiza. Mimi sikucheka. Nilimtazama shangazi, naye alikuwa ananitazama mimi, hacheki.

Kisha Anelisi akaingia kwenye Kiingereza.

Akasema anasikitika sana. Akasema yeye ni mwandishi huru na hakuna aliyewahi kumpangia la kuandika. Akasema kwa bahati mbaya lugha ya watu hawa haijui, na kwa hiyo anamtegemea mkalimani wake kwa kila kitu. Akasema siku ile mkalimani wake ndiye aliyemwambia kwamba mama amemaliza kuzungumza, na yaliyofuata yalikuwa mambo ya kifamilia tu. Akasema kama kuna kosa, halikuwa lake. Akasema asante.

Kisha akanigeukia na tabasamu la heshima, kama anavyofanya siku zote akimaliza sentensi, akinyamaza ili nitafsiri.

Meza ya mbele walishaelewa wote. Wenye Kiingereza walikuwa wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Optatus alikuwa anasoma chupa ya maji. Waliokuwa hawajaelewa ni wa kwetu, ghala zima.

"Anasemaje?" mtu mmoja akapaza sauti.

"Tafsiri!"

"Joha, tuambie, anasemaje?"

Mzee Herman akaniita mbele, kando ya Anelisi, akanipa maiki. Ilikuwa bado ina joto la mkono wake yule mwanamke.

Nikawaza haraka sana. Nikisema anasema shangazi alilia, ila ilikatwa, meza ya mbele watasema oneni, kweli mkalimani anageuza maneno, sasa tumemshika mbele ya macho yetu. Na kituo kimekwenda. Nikisema huyu anajua Kiswahili, nani ataniamini baada ya habali senu? Nikamtafuta Loveth. Alikuwa ameinama anahesabu vifungo vya mkoba.

Na nikisema aliyoyasema, nimejichimbia kaburi kwa ulimi wangu mwenyewe. Anelisi alijua. Alikuwa ananitazama mdomoni. Neno lolote nitakalosema atalisikia lote, na hawezi kulikataa hata moja.

"Joha." Ilikuwa sauti ya shangazi. Kasimama katikati ya jumuiya yake. "Mwanangu. Amesema nini?"

Kazi yangu ni moja tu duniani, kusema alichosema mwenzangu. Wameninyang'anya vyote, hiyo niliona nisiwape.

"Shangazi," nikasema, na maiki ikapeleka sauti mpaka nje, "anasema Kiswahili hajui. Anasema aliyeyakata maneno yako ni mimi. Anasema nilimwambia yale machozi yako ni mambo ya kifamilia tu."



Shangazi Bibiana akaifungua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni, akavuta fundo. Wanawake wa jumuiya wakampisha njia. Akaanza kuja mbele, taratibu, hamtazami mwenyekiti wala hamtazami mheshimiwa.

Mimi na Anelisi tulikuwa tumesimama bega kwa bega, na sikujua ni nani kati yetu anayemjia.